Kioo Ndani ya Mfuko wa Kijani

Vitongoji, Jumatatu 11 Julai 2016

Kimekufa. Binti yangu Raniya alikitia kwenye sanduku la mgeni aliyetoka Maskati, kikalala baina ya chupa ya udi na viatu vya mtoto, kikanifikia nusu maiti. Nusu ya juu inaonyesha herufi. Nusu ya chini ni kama wino uliomwagika ukakataa kukauka. Na kioo cha juu hakina hata mkwaruzo! Nimekipitishia kidole mara ishirini. Kitu kimevunjika ndani bila ya kuvunjika nje, na mimi tangu asubuhi sijafanya kazi nyingine ila kujiuliza vipi.

Ni mashine ya kusomea vitabu, haina kazi nyengine. Nakiita kisomeo. Neno nimelitunga mwenyewe na sitaki ushauri.

13 Julai

Kijitabu cha maelekezo kina lugha kumi na mbili. Kiswahili hakimo. Watu milioni mia na zaidi tunaambiwa tusome bila ya kuambiwa namna ya kutunza tunachosomea. Nimeanza kuwaandikia barua wenye kiwanda. Kwa Kiingereza chao kijitabu kinasema "epuka shinikizo", basi. Shinikizo la kiasi gani, wapi, la nini? Hakuna.

14 Julai

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi 16 Julai

Leo nimesoma gazeti la wiki iliyopita na damu imenipanda. Mzee Abrahman Kificho ameniachia uwanja.

Niandike sawasawa, nisije nikajidanganya baadaye. Mzee Abrahman ni mwalimu mkuu mstaafu, anakaa Kojani. Miaka kumi na minne tunagombana gazetini juu ya jambo moja: mtoto wa Pemba aanzishwe kusoma kwa lahaja ya mamake au kwa Kiswahili sanifu. Yeye ni wa sanifu, mimi ni wa lahaja. (Haya nayaandika kwa sanifu, najua. Hajaacha kunikumbusha.) Hatujapata kukaa barza moja. Chama chake si changu, na tangu uchaguzi wa marudio mwezi wa Machi watu wa vyama hivi viwili kisiwani hapa hawasalimiani.

Sasa anaandika: "Jicho langu la kushoto limekwisha, na la kulia daktari haliahidi mwaka. Herufi za gazeti sizioni tena. Kusomewa sitaki, kwa sababu anayenisomea ataweka sauti yake mahali pa sauti ya Bi Khairat, na mimi nagombana na Bi Khairat. Namwachia uwanja."

Wenzangu wananipigia simu kunipongeza. Kwa lipi? Mtu akitoka uwanjani kwa kukosa macho, nimeshinda nini? Nina jibu la kurasa arobaini nusu nimeshaliandika. Nani atalisoma kwa uchungu, kama si yeye?

Kisomeo kinakuza herufi. Kwenye ile nusu iliyo hai nimezikuza mpaka neno moja likajaa kama kibao cha dukani.

Nimemwambia Raniya alete cha pili. Lakini asikilete mpaka nijue cha kwanza kimekufa kwa ugonjwa gani.

Mgogoni, Jumatano 20 Julai

Nimefika kwa dada yangu Mwanakhamis. Tangu niache kufundisha, kila msimu wa karafuu huja kumsaidia kuchambua na kuanika. Mwaka huu mikarafuu imezaa mpaka matawi yameinama. Mwanakhamis ana shamba la ekari mbili na chuo cha watoto thelathini wanaosoma Kur-ani barazani kwake, na ulimi mkali kuliko wangu, isipokuwa wa kwake hauchapishwi.

"Ndicho kibao chenyewe hicho?" aliuliza.

"Kisomeo."

"Maiti hana haja ya jina, mama. Mtie kaburini."

Sikitii. Maiti ni wa kuchunguzwa.

22 Julai

Jaribio la kwanza. Nimekizongazonga kwa kanga mbili, nikakilaza chini ya polo, gunia zima la karafuu kavu, kutwa nzima. Jioni weusi umeongezeka kwa upana wa kidole. Kumbe kanga si kitu! Nguo laini inafuata umbo la kinachobana, basi kinachobana kinapita mle mle.

23 Julai

Kimeangushwa kutoka kiti cha barzani mpaka kwenye jamvi. Mara tatu. Weusi haukuongezeka.

24 Julai

Kimebanwa baina ya majalada magumu ya vitabu viwili, polo juu yake kutwa. Hakuna kitu. Kisha nikafungua, nikabonyeza kwa dole gumba pale pale palipo hai. Papo hapo ikatoka nyota nyeusi chini ya kidole. Nikapiga ukelele wa furaha, Mwanakhamis akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka.

Nimeandika: hakifi kwa kuanguka. Kinakufa kwa kubanwa mahali pamoja. Ncha ya kiatu, ufunguo, kiwiko, dole gumba. Uzito ule ule ukienea hakioni tabu. Ukisimama mguu mmoja, kinakufa.

27 Julai

Tumeanika. Tumeanua kwa mvua. Tumeanika tena.

29 Julai

Kama jana.

Jumamosi 6 Agosti

Cha pili kimefika, kizima, mikononi mwa mtu aliyeapizwa na Raniya asikitie sandukuni. Jibu langu limo, kurasa ishirini na sita nilizomtumia. Zilizobaki naziandika.

Mwanakhamis ameniona nikikata boksi la kadibodi, akanicheka, akaingia chuoni akatoka na ubao mkongwe wa kuandikia watoto, mti mgumu, laini kama kiganja. Tumeukata kwa kipimo. Unakaa juu ya uso wa kisomeo, nao haubonyei. Kisha akashona mfuko wa mkanda mrefu, wenye kifuniko cha kufunga kwa kitufe. Kitambaa ni cha kijani, kilichobaki alipowashonea wanafunzi wake mifuko ya misahafu.

Chake Chake, Jumatano 10 Agosti

Nimegundua jambo ambalo kiwanda chote hakilijui.

Nilikuwa narudi Vitongoji kwa siku chache. Wakati wa kupanda gari nilinyoosha mkono ili nishike chuma, na mfuko nikampa mtu aliyekuwa amekaa, mgeni kwangu kabisa. Akaurudisha mkono nyuma. "Sina udhu, bibi," akasema, akauliza kwa sauti, "Nani ana udhu hapano?" Mzee mmoja akaupokea kwa ncha ya kikoi, ukapita juu ya vichwa, ukatundikwa peke yake kwenye msumari. Hakuna kikapu kilichosogea karibu. Mwanamke mwenye ndoo ya samaki alihama.

Mfuko wa kijani, wenye mkanda, upana ule! Wameuona msahafu. Na juu ya msahafu hakiwekwi kitu, haukaliwi, haulazwi chini, haubebwi chini ya kiuno. Yaani kila sheria niliyoigundua kwa maiti yangu wiki tatu, watu hawa wanaijua tangu utotoni, wanaitekeleza bila ya kuambiwa.

Sikuwasahihisha. Nilikuwa nacheka moyoni.

13 Agosti

Safari ya pili. Vile vile. Askari wa kizuizi cha barabarani aliyepekua vikapu vyote hakuugusa.

15 Agosti

Ya tatu. Sasa nawatizama kwa makusudi, naandika nani alifanya nini. Dereva aliyekuwa akitukana alinyamaza mpaka niliposhuka.

17 Agosti

Nimerudi Mgogoni. Mwanakhamis ameniuliza, "Waulizapo, wawambia nini?"

"Hawaulizi."

Alikuwa anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, akaendelea.

Mgogoni, Jumamosi 20 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio hata kama mkono hautaki.

Asubuhi polo moja la karafuu kavu halikuonekana. Ni la Thuwein, jirani yetu. Shamba lake limepakana na letu, na sote tunaanika uwanja mmoja mbele ya barza ya Mwanakhamis. Thuwein ni mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba mpaka pwani na sasa una mikarafuu arobaini, na kila polo analijua kama mtoto. Aliyekuwa zamu ya ulinzi ni Jecha, mchumaji kutoka Kojani, mtu wa makamo, mkimya, aliyetuchumia misimu mitano. Mwanakhamis alikuwa kaenda hitimani kijiji cha pili. Uwanjani tulikuwa kama watu kumi na watano.

"Mie sikuchukua," Jecha alisema.

"Sikusema umechukua. Nimesema ulikuwepo."

"Ni lile lile, Bwana Thuwein. Watu wana masikio."

"Basi kula yamini, yaishe."

"Nala. Leteni msahafu."

Thuwein akageuka, akauona mfuko umetundikwa ukutani barzani. "Ule wa Mwalimu. Na mwenyewe yupo, awe shahidi."

Jecha akaenda tangini kutia udhu.

Maji ya udhu wa mtu mmoja si mengi, lakini yalitosha mimi kusema mara kumi. Sikusema. Kichwa changu, ambacho kina jibu kwa kila mtu, kilikuwa kinanijibu mimi. Kiliniambia: Jecha hakuiba, unajua hakuiba, kiapo chake kitakuwa cha kweli hata akiapa juu ya tofali. Kiliniambia: nia ndiyo inayohesabiwa. Kiliniambia: ukisema sasa, kila gari ulilopanda litajua. Hoja tatu nzuri. Ningezichapisha.

Thuwein akautungua kwa upindo wa kanzu, akauweka juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa safi. Jecha akarudi, mikono inachuruzika maji, akaipangusa, akapiga magoti.

"Nataka niuguse wenyewe," akasema. "Si nguo."

Akafungua kitufe, akapitisha mkono ndani, baina ya ubao na kioo. Niliona bega lake likishuka. Alikuwa anaegemea, kama mtu anayetaka uzito wake wote uonekane. Akafungua mdomo.

"Usibonyeze!"

Ndivyo nilivyopiga kelele. Sikusema "usiape". Sikusema "si msahafu huo". Nilisema usibonyeze.

Watu wote wakanigeukia. Jecha akatoa mkono kama aliyeguswa na moto.

"Usibonyeze?" Thuwein alisema taratibu. "Msahafu unabonyezwa?"

Nikaenda nikakitoa. Kioo kizima. Ilikuwa jambo la kwanza nililolitazama, mbele ya watu, na wote waliniona nikilitazama.

"Ni mashine ya kusomea vitabu," nikasema.

"Kur-ani imo?"

"Haimo."

"Mna nini?"

"Vitabu. Na makala yangu."

Mtu nyuma akasema, "Kwa hivyo ntu angekula yamini kwa makala ya Mwalimu," na kicheko kikazuka, kikubwa, cha watu waliokuwa wameogopa. Thuwein hakucheka. Jecha hakucheka.

"Mwalimu," Jecha alisema, bado yuko magotini, "mie ningerudi kwetu najijua nimesafika. Ningekaa na watu. Siku wakijua kitu kino ni nini, ningekuwa mwizi tena, na muongo juu yake. Weye ulikuwepo natia udhu."

"Nilikuwepo."

"Ulinitizama?"

"Nilikutizama."

Hakuna mtu aliyepata kunishinda kwa maneno machache hivyo.

Mwanakhamis alirudi, akaelezwa mlangoni. Akaingia ndani bila ya kunitupia jicho, akatoka na msahafu wake. Jecha akatia udhu upya, akaapa, mkono umetulia. Thuwein akampa mkono mbele ya watu: "Yamekwisha. Atakayemtaja Jecha kwa polo hili, anataja jina langu." Polo lenyewe halijaonekana mpaka sasa.

Baadaye Mwanakhamis alikaa karibu yangu na mfuko mapajani, akafumua uzi mmoja mmoja.

"Mfuko nimeushona mie," akasema. "Uongo umeushona weye."

21 Agosti

Je, nilipiga kelele kwa ajili ya Jecha au kwa ajili ya kioo? Nimejiuliza kutwa. Mdomo ulishajibu.

22 Agosti

Mvua. Kuanua.

23 Agosti

Nimemaliza jibu. Kurasa arobaini na moja. Raniya amelitia kisomeoni kwa mtandao, huko huko Maskati aliko. Keshokutwa naenda Kojani. Ubao nimeufunga juu ya kioo kwa mpira wa baiskeli, bila ya mfuko, bila ya nguo. Atakayeuliza ataambiwa.

Kojani, Alkhamisi 25 Agosti

Kutoka hapa mpaka nchi kavu ya Pemba ni mashua ya dakika chache, lakini kupanda unaingia maji ya magoti, na kwa mkono mmoja siwezi. Nikamnyooshea kifurushi mwanamke aliyekwisha kukaa.

"Nishikie, mama. Ni kioo, hakitaki kubanwa."

"Lete. Kioo cha nini?"

"Cha kusomea. Nampelekea Mzee Abrahman Kificho, macho yake hayaoni."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Ukarudi. Nikamtizama wa pili, akatizama maji.

"Yule hatumshikii kitu," akasema nahodha, kwa upole, kama anayemsomesha mgeni. "Chama chake kimshikie. Duka hatununui lake, kwake hatuendi. Mwalimu, si weye ulioandika?"

Ni mimi niliyeandika. Waraka wa Machi, ukurasa mmoja, nilipiga chapa nakala mia tano kwa hasira: msiwasalimie, msikae barza zao, msiwafanyie kazi, waonje upweke wa kura walizotuibia. Niliandika nikiwa Vitongoji, ambako watu wa chama kile ni wengi kiasi cha kusalimiana wenyewe kwa wenyewe. Hapa Kojani yumo yeye na nyumba mbili tatu.

Nimesimama majini, suruali imerowa mpaka mapajani, buibui mkononi, ndipo nikaelewa ile barua. Hataki kusomewa! Nani angemsomea? Mzee aliona afadhali aandike gazetini kwamba hataki, kuliko kuandika kwamba hakuna anayekuja. Na mimi mwezi mzima nikaiamini hoja yake ya sauti.

"Nipe."

Alikuwa Jecha, anarudi kwao kwa mapumziko. Sikuwa nimemwona. Alikuwa amekaa gubeti, mbele kabisa ya mashua, ananitizama sijui tangu lini.

"Mie siapi kwacho," akasema. "Nakibeba tu."

Watu wakacheka. Habari ilikwisha kufika, bila shaka. Akakipokea kwa viganja viwili, akakiweka magotini, na mpaka tunafika hakunisemesha neno jengine.

Nyumba ya Mzee Abrahman iko mwisho wa uchochoro. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Khairat."

"Yupi, wa gazetini au wa Vitongoji?"

"Wote wawili wamekuja. Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marhaba. Kaeni basi, kama waraka unawaruhusu."

Ni mdogo kuliko nilivyomdhania. Miaka kumi na minne nimepigana na jitu, kumbe ni mtu mwembamba mwenye fulana iliyotoboka kwapani na kalamu mbili mfukoni. Uso anaugeuza upande ili jicho lililobaki likuone. Nikamwambia kila kitu: la Jecha, la udhu, la usibonyeze. Sikujua kwa nini nilianza na hilo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuja kunipiga kwa silaha iliyokwisha kukupiga," akasema. "Lete niione."

Nikamtolea ubao, nikamwonyesha pa kushika, pembeni tu, na pa kugusa, kwa ncha ya kidole, kama unayeonja mchuzi. Nikaongeza ukubwa. Akatikisa kichwa. Nikaongeza. Nikaongeza mpaka mwisho, neno likajaa ukurasa kutoka ukingo mpaka ukingo. Akakipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, uso umegeuka, pua inakaribia kugusa kioo.

Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Wa-sa-li-ti," akasema. "Nimeiona! S yake, L yake. Naiona, Khairat."

Mimi nilikuwa naiona pia. Nimeandika neno hilo mara mia na halijapata kunisimamia mbele hivyo, peke yake, jeusi, bila ya sentensi ya kulisukuma. Ndilo neno la kwanza la jibu langu.

"Wasaliti ndio akina nani?" akauliza.

"Endelea, Mwalimu. Watatajwa."

Akagusa. "Wa lugha hii." Akagusa. "Wanajulikana." Akagusa. "Kwa majina." Akainua uso. "Kwa majina. Vyema sana. Natafuta majina."

Akayatafuta. Neno kwa neno, adhuhuri ikatoka, mkewe akatuletea muhogo na papa, tukala, akarudi mlangoni. Nilikaa namsikiliza akiyasoma maneno yangu kwa sauti yangu, bila ya kuongeza ukali wala kupunguza, na kila moja nililitambua na nusu yake nililionea haya. Kufika alasiri alikuwa ukurasa wa tatu wa kurasa zangu arobaini na moja. Jina lililotajwa lilikuwa moja.

"Nimejikuta mimi," akasema. "Wa pili hayumo?"

Nilijua mpaka mwisho hayumo.

"Hayumo."

"Basi hawa wasaliti ni mimi peke yangu. Wingi umeutia kwa heshima?"

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia anipe, nikalirekebishe, nitalirudisha wiki ijayo, kuna mahali nilipaharakisha. Akakivuta kifuani, viganja pembeni kama nilivyomfundisha, kioo hakikuguswa.

"Huondoki nacho," akasema. "Miezi mitano hakuna aliyenitukana uso kwa uso. Nisaidie, kidole kimechoka. Geuza ukurasa, Mwalimu. Bado sijakasirika."